Aliyeua akisema "nilijihami": kwa nini huachiwa huru, na upendeleo mahakamani unazuiwaje

Chukua mfano huu. Ni usiku wa manane, katika moja ya vijiji vya Kata ya Nkoma, wilaya ya Itilima. Mwano unapigwa: wezi wameingia zizini. Mwenye boma anatoka na gobore lake, anaona mtu gizani, anafyatua. Kukicha, aliyelala chini anatambulika kuwa kijana wa kijiji cha pili. Mwenye boma anasema, "Alinijia na panga. Nilijihami." Ndugu wa marehemu wanasema, "Alikuwa anakimbia. Alipigwa mgongoni."

Polisi wanamchukua mwenye boma. Miaka inapita. Siku moja anarudi nyumbani, mahakama imemwachia huru. Hapo ndipo kijiji kinagawanyika. Wapo wanaochinja mbuzi, na wapo wanaosema haki imenunuliwa, au wazee waliokaa na jaji walikuwa watu wa upande mmoja.

Kisa hicho tumekitunga ili tuelezane, lakini maswali yake tunayasikia kila mara. Mtu anawezaje kuua na kuachiwa? Nani anaamua? Na kama waamuzi wana upendeleo, mwananchi afanye nini? Katika makala hii tunaeleza sheria ya Tanzania, kisha tunaangalia kesi za kweli kutoka Kenya, Marekani na hapa kwetu, ambazo ziliwagawa watu kama kijiji cha mfano wetu kilivyogawanyika.

Sheria inaruhusu nini

Haki ya kujihami imeandikwa katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18 hadi 18C. Kila mtu ana haki ya kujilinda mwenyewe, kumlinda mwenzake, na kulinda mali yake au mali iliyo chini ya uangalizi wake. Anayefanya hivyo kwa kufuata sheria hana kosa la jinai.

Lakini haki hiyo ina mpaka. Kifungu cha 18B kinasema unaruhusiwa kutumia nguvu ya kadiri tu, ile inayohitajika kuzuia hatari iliyopo. Ukizidisha, unawajibika kwa ulichokizidisha. Na mtu akifa kwa sababu ulitumia nguvu kupita kiasi wakati unajihami, kosa lako ni kuua bila kukusudia.

Tofauti hiyo ni kubwa. Adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa. Adhabu ya kuua bila kukusudia inaweza kufika kifungo cha maisha, lakini jaji ana uwezo wa kutoa adhabu ndogo kulingana na mazingira. Na kama nguvu iliyotumika ilikuwa ya lazima kweli, mshtakiwa huachiwa huru kabisa, hata kama mtu amekufa.

Kwa hiyo mahakama inapomsikiliza mwenye boma, maswali yake ni haya: Hatari ilikuwapo saa ile, au ilikuwa imeshapita? Aliamini kweli kwamba maisha yake yamo hatarini, na alikuwa na sababu ya maana ya kuamini hivyo? Je, angeweza kujiokoa kwa njia nyingine?

Mwizi aliyevunja mlango na kukujia na panga ni hatari iliyo mbele yako. Mwizi aliyeacha ng'ombe na kuvuka mto akikimbia si hatari tena. Kumpiga risasi huyo wa pili ni kulipiza kisasi, na sheria haikubali hata kama kijiji kizima kinakupongeza.

Kuna jambo jingine. Mtu anaweza kukosea. Gizani unaweza kumdhania jirani kuwa mwizi. Sheria inazingatia kosa la namna hiyo ikiwa mtu aliamini kwa dhati na imani yake ilikuwa na msingi. Mahakama itapima kama mtu mwenye akili timamu, akiwa pale pale, saa ile ile, angeweza kuamini hivyo.

Nani anatakiwa kuthibitisha

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Tunadhani mshtakiwa ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alijihami. Sivyo. Mzigo wa kuthibitisha kosa ni wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka. Mshtakiwa akileta utetezi wa kujihami wenye msingi katika ushahidi, Jamhuri ndiyo inayotakiwa kuuvunja. Ikibaki shaka ya maana, shaka hiyo ni ya kumfaidia mshtakiwa, na anaachiwa.

Maana yake ni kwamba mahakama inapomwachia mtu, haisemi kwamba alifanya vizuri. Haisemi pia kwamba marehemu alistahili kufa. Inasema Jamhuri haikuthibitisha kosa kwa kiwango kinachotakiwa. Familia ya marehemu ina haki ya kuumia, na kijiji kina haki ya kujadili, lakini tujadili tukijua swali lililojibiwa ni lipi.

Na tusichanganye mambo mawili. Kuna kuachiwa huru baada ya kesi kusikilizwa, na kuna mashtaka kuondolewa kabla ya kusikilizwa. Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuondoa mashtaka, na mshtakiwa akatoka, lakini hapo hakuna hukumu iliyotolewa na anaweza kushtakiwa tena. Tofauti hii ndiyo iliyowasha moto Kenya mwaka 2005.

Soysambu 2005: kesi ambayo haikusikilizwa

Soysambu ni shamba kubwa la mifugo na wanyamapori kando ya Ziwa Elmenteita, katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Limemilikiwa na ukoo wa Delamere, walowezi wa Kiingereza waliofika enzi za ukoloni. Msimamizi wake alikuwa Tom Cholmondeley, wa ukoo huo huo.

Tarehe 19 Aprili 2005, maofisa wa Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya waliingia shambani humo bila sare kuchunguza biashara ya nyama ya porini. Cholmondeley alimpiga risasi mmoja wao, Samson ole Sisina, akafa. Alijitetea kwamba alikuta watu wenye silaha, wasio na sare, wamewashikilia wafanyakazi wake, akadhani ni majambazi, na akafyatua kujihami.

Alishtakiwa kwa mauaji. Lakini mwezi uliofuata, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Amos Wako, aliondoa mashtaka. Cholmondeley akatoka bila mahakama kusikiliza shahidi hata mmoja kuhusu namna Sisina alivyokufa.

Wamaasai, jamii ya marehemu, waliandamana. Wengine walitishia kuingia katika mashamba ya walowezi kwa nguvu. Waliuliza: angekuwa Mmaasai ndiye aliyempiga risasi mzungu, mashtaka yangeondolewa?

Inawezekana utetezi wake ulikuwa wa kweli. Mtu kuwadhania maofisa wasio na sare kuwa majambazi ni jambo linalowezekana, na tumeona kwamba sheria inazingatia kosa la namna hiyo. Lakini utetezi huo haukupimwa mbele ya watu. Mashahidi hawakuhojiwa, na hakuna jaji aliyeandika kwa nini anauamini au hauamini. Watu walibaki na dhana zao, na dhana ya kwamba tajiri hana kesi ilikuwa ndiyo nyepesi kuliko zote.

Soysambu 2006: wazee wa baraza wanasema hana hatia

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 10 Mei 2006, katika shamba hilo hilo, Cholmondeley alikuwa akitembea na rafiki yake walipokutana na wanaume waliokuwa na mbwa na windo. Risasi zilipigwa. Robert Njoya, fundi wa mawe aliyeishi jirani na shamba, alijeruhiwa na akafa.

Safari hii kesi ilisikilizwa, mbele ya Jaji Muga Apondi wa Mahakama Kuu ya Nairobi. Ilianza Septemba 2006. Cholmondeley alikaa rumande zaidi ya miaka mitatu. Alisema alilenga mbwa, si watu. Mawakili wake wakadai pia kwamba huenda risasi iliyomuua Njoya ilitoka kwa yule rafiki, jambo ambalo rafiki huyo alilikana.

Wakati ule Kenya ilikuwa na utaratibu kama wetu: jaji hukaa na washauri wa mahakama, ambao wengi tunawaita wazee wa baraza. Ni raia wa kawaida, si wanasheria. Wanasikiliza ushahidi wote, kisha kila mmoja anatoa maoni yake kama mshtakiwa ana hatia. Kenya ilikuwa imefuta utaratibu huo mwaka 2007, lakini kesi hii ilianza kabla, ikamalizika nao.

Machi 2009, washauri wawili walitoa maoni: hana hatia. Waliokuwa wakifuatilia kesi wakadhani imekwisha. Lakini tarehe 7 Mei 2009, Jaji Apondi alitofautiana nao. Alisema kosa la kuua kwa kukusudia halikuthibitishwa, lakini akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Wiki moja baadaye alimhukumu kifungo cha miezi minane, akizingatia muda aliokuwa amekaa rumande na kwamba baada ya tukio alijaribu kumsaidia majeruhi.

Miezi minane iliwakasirisha wengi. Cholmondeley alitoka gerezani mwaka huo huo, na alifariki mwaka 2016. Lakini linganisha na 2005. Safari hii mashahidi walisikilizwa na kuhojiwa. Washauri walisema lao hadharani. Jaji aliyewakatalia aliandika sababu zake. Asiyeridhika aliweza kunyoosha kidole mahali hasa asipokubaliana napo, badala ya kubaki na dhana tu.

Je, waamuzi wakiwa wa upande mmoja?

Swali la upendeleo si geni Afrika Mashariki. Enzi za ukoloni nchini Kenya, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alisikilizwa na juri, yaani jopo la raia linaloamua lenyewe kama mtu ana hatia, na raia hao walikuwa Wazungu wenzake. Mwafrika hakuwa na juri. Yeye alisikilizwa na jaji akisaidiwa na washauri. Mtu mmoja alipimwa na ndugu zake, mwingine akapimwa na mtawala wake.

Hata hivyo, jopo la upande mmoja halikutoa jibu moja siku zote. Mwaka 1959 jijini Nairobi, Mzungu aliyeitwa Peter Poole alimpiga risasi na kumuua Mwafrika aliyekuwa amewarushia mbwa wake mawe. Juri ya Wazungu ilimtia hatiani kwa mauaji, na alinyongwa Agosti 1960. Hivyo, kabila au rangi ya mwamuzi peke yake haituambii atakachoamua. Lakini inatosha kuwafanya watu wasiamini, na mahakama isiyoaminika watu huikimbia na kuchukua sheria mkononi.

Marekani: mlinzi wa mtaa na jopo la watu sita

Kesi iliyojadiliwa zaidi duniani juu ya jambo hili ilitokea mji wa Sanford, jimbo la Florida, Marekani. Usiku wa tarehe 26 Februari 2012, George Zimmerman, aliyejitolea katika ulinzi wa mtaa wake, alimwona kijana mweusi wa miaka 17, Trayvon Martin, akitembea kurudi alikofikia baada ya kutoka dukani. Alimtilia shaka na kupiga simu polisi. Aliyepokea simu alimwambia hakuna haja ya kumfuata. Baadaye wawili hao wakapambana, na Zimmerman akampiga risasi. Kijana hakuwa na silaha.

Zimmerman alisema alijihami kwa sababu alikuwa chini akipigwa. Zilipita wiki kadhaa kabla ya kushtakiwa. Kesi ilisikilizwa na juri ya wanawake sita, na hapakuwa na Mmarekani mweusi wa ukoo wa Kiafrika aliyetambulika hivyo kati ya wale watano waliotajwa kuwa weupe. Wa sita alikuwa na asili ya Amerika ya Kilatini. Tarehe 13 Julai 2013 wakamwona hana hatia.

Maandamano yalifuata katika miji mingi. Waliopinga walisema jopo lile halikuweza kuiona hofu ya kijana mweusi anayefuatwa na mtu asiyemjua usiku. Waliokubali walisema jopo lilifuata sheria na ushahidi uliokuwapo. Baadhi ya wajumbe wa jopo walizungumza na televisheni baadaye, na mmoja alieleza kwamba moyo wake uliona kosa, ila sheria waliyosomewa haikuwapa njia ya kumtia hatiani.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapo. Kwanza, juri ya Marekani haitoi sababu. Inasema ana hatia au hana, basi. Pili, kwao mtu akishaonekana hana hatia, serikali haiwezi kukata rufani. Kwa hiyo malalamiko ya upendeleo hayana mahali pa kwenda zaidi ya barabarani.

Wale tuliokulia katika vijiji vyenye sungusungu tunaielewa kesi hii haraka. Mlinzi wa jadi ana kazi ya heshima, lakini shaka yake si ushahidi. Anayemfuata mtu gizani kwa sababu tu hamjui, kisha akamuua, atakuwa na kazi kubwa kuieleza mahakama kwamba yeye ndiye aliyekuwa akijihami.

Utaratibu wetu Tanzania

Hapa kwetu kesi za mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, au na hakimu aliyepewa mamlaka ya nyongeza. Kosa la mauaji halina dhamana, ndiyo maana mshtakiwa hukaa rumande hadi kesi iishe. Asiye na uwezo wa kulipa wakili hupewa wakili kwa gharama ya serikali.

Kwa miaka mingi ilikuwa lazima jaji akae na washauri wasiopungua wawili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, si lazima tena. Kesi nyingi sasa jaji husikiliza peke yake, lakini washauri bado wanaweza kutumika.

Mshauri wa mahakama si juri. Maoni yake hayamfungi jaji, kama tulivyoona katika kesi ya Njoya. Lakini jaji anayetofautiana na washauri wake inampasa aeleze sababu.

Na Mahakama ya Rufani ya Tanzania imelichukulia suala la upendeleo wa washauri kwa uzito mkubwa. Kabla ya kesi kuanza, mshtakiwa anapaswa kuulizwa kama ana pingamizi dhidi ya mshauri yeyote. Akisema huyu ni shemeji wa marehemu, au tuligombana naye shamba, mshauri huyo huondolewa. Jaji anapaswa kuwaeleza washauri kazi yao, na mwishoni awafafanulie sheria inayohusika. Kama utetezi ni kujihami, lazima waelezwe kujihami ni nini kisheria.

Jambo jingine wengi hawalijui. Mshauri anaruhusiwa kumuuliza shahidi swali la kupata ufafanuzi, lakini haruhusiwi kumdodosa shahidi kama wakili anavyofanya, kwa nia ya kuuvunja ushahidi wake. Mahakama ya Rufani imeeleza kwamba mshauri akifanya hivyo anakuwa amechukua upande. Zipo kesi za mauaji ambazo hukumu zake zilifutwa kwa sababu hiyo.

Mwananchi akisikia kesi imefutwa kwa sababu wazee waliuliza maswali vibaya, huona ni mchezo. Tunaelewa hasira hiyo, hasa kwa familia inayolazimika kuanza upya. Lakini fikiria wewe ndiye uko kizimbani, na mzee anayekupima anakushambulia kabla hujajitetea. Utaamini hukumu yake?

Kuachiwa si mwisho: kesi ya Zombe

Tofauti na Marekani, hapa Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kukata rufani mtu akiachiwa. Kesi inayoonyesha hilo ni ya aliyekuwa ofisa wa juu wa polisi Dar es Salaam, Abdallah Zombe, na wenzake.

Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, na dereva wa teksi waliuawa na polisi jijini Dar es Salaam. Polisi walisema waliouawa ni majambazi waliorushiana nao risasi. Kwa maneno mengine, walidai walifyatua kwa sababu walifyatuliwa. Rais Jakaya Kikwete aliunda tume iliyoongozwa na Jaji Mussa Kipenka, na ikabainika kwamba waliouawa hawakuwa majambazi.

Zombe na askari wengine walishtakiwa kwa mauaji. Tarehe 17 Agosti 2009, Mahakama Kuu chini ya Jaji Salum Massati iliwaachia huru, ikisema Jamhuri haikuthibitisha kwamba hao waliokuwa kizimbani ndio waliohusika na mauaji. Nchi ililipuka kwa mjadala. Watu waliuliza: kama watu wanne wamekufa na hawakuwa majambazi, aliyewaua ni nani?

Jamhuri ilikata rufani. Septemba 2016, Mahakama ya Rufani iliupitia ushahidi upya. Zombe alibaki huru, lakini askari mmoja, Christopher Bageni, alipatikana na hatia na kuhukumiwa kunyongwa. Ilichukua zaidi ya miaka kumi tangu tukio, muda mrefu mno kwa wafiwa. Lakini rufani hiyo iliwezekana kwa sababu hukumu ya kwanza ilikuwa na sababu zilizoandikwa, na mahakama ya juu iliweza kuzipima moja baada ya nyingine.

Wewe ufanye nini

Tunaamini dawa ya upendeleo ni utaratibu kufuatwa mbele ya watu, na sababu kutolewa. Katika hilo mwananchi wa Nkoma ana sehemu yake.

Kama ulihusika katika tukio: usikimbie na usisogeze mwili wala silaha. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji au kijiji, mtendaji, na polisi, mara moja. Aliyejihami kweli anasaidiwa na ukweli wa eneo la tukio: alama za miguu, mlango uliovunjwa, panga lililoanguka. Ukihamisha vitu, unaharibu utetezi wako mwenyewe.

Kama wewe ni shahidi: sema ulichokiona kwa macho yako na ulichokisikia kwa masikio yako. Usiongeze uliyoambiwa msibani. Kama kulikuwa na giza, sema kulikuwa na giza, na ueleze mwanga ulitoka wapi na ulisimama umbali gani. Kesi nyingi huanguka kwenye suala la kumtambua mtu usiku. Na ukiitwa mahakamani, nenda. Shahidi asiyefika humwachia mtu huru kuliko wakili yeyote.

Kama umeitwa kuwa mshauri wa mahakama: iwapo unamfahamu mshtakiwa au marehemu, una undugu nao, au ulishasema hadharani unachofikiri juu ya kesi, mwambie jaji mapema. Kujitoa si aibu.

Kama wewe ni ndugu wa marehemu na hujaridhika: usilipize kisasi. Nenda ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka iliyo karibu, uliza kama Jamhuri itakata rufani. Fanya hivyo haraka, maana rufani ina muda wake. Hukumu ni maandishi ya wazi, unaweza kuomba nakala ukasomewa sababu.

Na kama wewe ni jirani tu: kesi za mahakama husikilizwa hadharani. Kikao kikifanyika karibu, nenda ukasikilize. Aliyesikiliza mashahidi mwanzo hadi mwisho ana haki ya kusema jaji amekosea, na maneno yake yatakuwa na uzito. Aliyesikia hukumu kijiweni tu, na aulize kwanza.

Turudi kwa mwenye boma wetu. Siku anayorudi, baba wa yule kijana atakuwa bado anaishi kijiji cha pili. Watakutana mnadani, watakutana kisimani. Hukumu haitamrudishia baba mtoto wake. Kitu pekee ambacho mahakama inaweza kumpa ni jibu la wazi: tulimsikiliza nani, tuliamini nini, na kwa nini. Akilipata, ana mahali pa kuanzia, awe amekubali au anakata rufani. Akilikosa, atalitafuta mwenyewe usiku, na kijiji kitazika mtu wa pili.